Jinsi ya Kuwa Mtu wa Kimataifa

Jambo la kwanza, ukoo usijue mapema unachokwenda kusomea. Anayesomea udaktari anaeleweka, anayesomea sheria anaogopwa, na wa uhasibu hupewa uweka hazina wa kamati ya harusi kabla hata hajahitimu. Wa uhusiano wa kimataifa huulizwa swali moja tu: "Sasa hapo utakuwa nani?" Ukijibu kuwa utakuwa mwanadiplomasia, utaulizwa ubalozi gani. Ukisema bado hujapangiwa, wataguna, na mazungumzo yatahamia kwa yule binamu yako aliyefungua duka la dawa.

Mimi nilikosea hapo hapo. Nilikwenda Pangani kuaga, nikamkuta mjomba chini ya mkungu anashona wavu. Nikamweleza kuwa nakwenda Uingereza, mwaka mzima, kusomea namna nchi zinavyohusiana. Aliichomoa sindano kwenye uzi, akaichomeka kwenye kofia.

"Zinahusiana vibaya," akasema. "Hilo nalo la kupandia ndege?"

Usimjibu mtu wa namna hiyo. Shika mkono, sema "nashukuru, mjomba," uondoke ukachague chuo.

Hapa nyumbani kipo kimoja kilichoanzishwa kwa kazi hiyo hasa. Tanzania na Msumbiji zilikianzisha kwa pamoja mwaka 1978 pale Kurasini, wengi tunakiita Chuo cha Diplomasia, na siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Ubaya wake ni mmoja: kinafikika kwa daladala. Unashuka, unapishana na malori ya makontena, unaingia darasani. Hakuna viza, hakuna picha ya uwanja wa ndege ya kurusha mtandaoni, hakuna shangazi wa kulia mlangoni. Ukimaliza utakuwa umejifunza diplomasia tu, na lengo letu sisi ni kubwa kuliko hilo.

Na kwa kuwa jina la Salim limeshatajwa, pokea onyo: usisome habari za maisha yake kabla hujatuma maombi. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa balozi Cairo. Shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa aliichukua baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, wakati ameshakuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, New York. Yaani alianza na kazi akamalizia na cheti. Kijana wa leo wa miaka 22 akijaribu kufuata mpangilio huo ataambiwa kuwa hata nafasi ya kujitolea inataka uzoefu wa miaka mitatu.

Wengine nao usiwachunguze sana. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni mwanasheria. Anna Tibaijuka, aliyeongoza UN-Habitat pale Gigiri, Nairobi, ni mchumi wa kilimo. Gertrude Mongella, Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, alikuwa mwalimu. Ukiwapanga hivi utagundua kwamba njia ya mkato ya kufika juu katika mambo ya kimataifa ni kusomea kitu kingine kabisa. Lakini wewe umeshaamua, fomu umeshaifungua, na bando limeshaanza kuliwa. Tuendelee.

Fomu itakutaka uthibitishe kuwa unajua Kiingereza. Haijalishi kwamba umefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, ukachapwa kwa Kiingereza, na tasnifu yako yote ukaiandika kwa Kiingereza. Utafanya mtihani wa IELTS, utalipa ada ambayo ukimwambia mama atadhani umekosea sifuri, kisha utamweleza mtu usiyemjua, mbele ya kinasa sauti, habari za zawadi uliyopewa utotoni. Kama hukuwahi kupewa, buni, kwa kuwa kinachopimwa ni sarufi. Matokeo yanadumu miaka miwili. Baada ya hapo Kiingereza chako kinahesabiwa kuwa kimeharibika, kama maziwa ya pakiti.

Halafu wadhamini wa kitaaluma. Mwalimu wako wa chuo, ambaye darasa lake lilijaa mpaka watu wakasikilizia dirishani, atakwambia, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Usione haya. Mimi niliandika kuwa ni miongoni mwa wanafunzi watano bora aliopata kuwafundisha. Mzee alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akafuta "watano", akaandika "kumi", akasaini. Mpaka leo natamani kuwajua hao wengine.

Sasa ufadhili. Kila mmoja una masharti yake. Chevening, ambao serikali ya Uingereza inautoa tangu mwaka 1983, unataka uwe na saa 2,800 za kazi, na ukishamaliza kusoma urudi kwenu ukae miaka miwili. Fulbright wa Marekani, wa tangu 1946, nao huja na viza yenye sharti la miaka miwili nyumbani. Sisi watu wa pwani tuliambiwa zamani kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wenzetu wameliweka kwenye mkataba na kutaka sahihi.

Ufadhili hupatikana kwa insha, na kwenye insha ndipo wengi huishia. Moja itakuuliza habari za uongozi. Usiseme hujawahi kuongoza. Ulikuwa kiranja wa maji shuleni? Wewe ulisimamia rasilimali za maji za taasisi yenye watu 900. Ulishika daftari la michango ya msiba wa jirani? Hiyo ni menejimenti ya fedha wakati wa dharura, na ukikumbuka kwamba hesabu zilitoka sawasawa, weka na neno uwazi. Nyingine itauliza habari za mtandao wako wa watu. Hii iandike usiku, mlango umeufunga. Kwetu neno mtandao lilishachukuliwa na siasa za mwaka 2005, na mzee yeyote atakayekukuta unaandika kuhusu mtandao wako atadhani unagombea.

Lakini insha yenyewe hasa, ambayo haiulizwi waziwazi ila ndiyo inayosomwa, ni ile ya shida zako. Dunia haitaki kumfadhili mtu aliyekula akashiba. Kama ulishiba, itabidi ufanye kazi kidogo.

Niliandika kwamba nilikuwa natembea kilomita nane kwenda shule ya msingi, pekupeku, nikivuka mto; na kwamba usiku nilisoma kwa koroboi. Ilitoka vizuri mpaka mwenyewe nikajionea huruma. Mama alikuwa uani anakuna nazi, nikamsomea kwa Kiswahili ili anibariki. Mbuzi ikanyamaza.

"Shule ipi hiyo?"

"Ya msingi, Mama."

"Hii ya nyuma ya msikiti?"

Sikujibu.

"Na huo mto?"

Nikamwambia ni Mto Pangani. Akataka kujua nilikuwa nauvuka kwenda wapi, maana nyumba na shule vyote viko upande huu, na ng'ambo ni Bweni. Nilikuwa nasoma Bweni? Kisha akasimama kwenye viatu, na hapo akaweka nazi chini kabisa. Viatu vyangu vya darasa la kwanza alivinunua kwa zamu yake ya mchezo, Tanga mjini, na bei yake alikuwa nayo kichwani mpaka senti. Alinitazama kwa muda kama mtu anayehesabu chenji. Halafu akaokota kifuu, akarudi kazini.

"Wape, kama ndivyo wanavyopenda," akasema. "Lakini mimi usiniweke humo pekupeku."

Nikamtoa. Baba nikamwacha, kwa kuwa alishafariki na hakuna wa kumsemea.

Ukipata ufadhili, utapimwa kifua kikuu, utachangiwa koti, utafungiwa dagaa ambao hawataruka salama kwenye begi, utaagwa mara tatu. Hayo kila mtu anayajua. Twende darasani.

Kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa kiliwekwa mwaka 1919 Aberystwyth, mji mdogo wa pwani huko Wales. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na waliotoa fedha waliamini kwamba watu wakiielewa vizuri chemchemi ya vita hawatarudia. Miaka ishirini baadaye ikaja Vita Kuu ya Pili. Mganga wa kienyeji akishindwa namna hiyo huhama mji. Fani hii ilifungua idara nyingine, na nyingine, mpaka leo hakuna bara isipofundishwa wala bara isipopiganwa.

Utaanza na mwaka 1648. Kila mtu huanza na mikataba ya Westphalia, ambapo unaambiwa dola zilizaliwa. Kilwa ilikuwa nini kabla ya hapo, usiulize, muda wa semina ni mfupi. Kisha watakuja wenye nadharia. Wahalisia wanasema kila dola inajijali yenyewe, kwa kuwa juu yao hakuna polisi. Waliberali wanakubali kwamba polisi hayupo, ila wanaona panaweza kuundwa kamati. Wakonstraktivisti wanauliza polisi maana yake nini. Wakikuuliza uko upande gani, sema jambo hilo ni tata na linategemea muktadha. Mimi nilisema hivyo kuanzia Oktoba hadi Juni na nikatunukiwa shahada.

Kitabu kikuu cha wahalisia wa siku hizi, Theory of International Politics cha Kenneth Waltz, kilitoka mwaka 1979. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, jeshi letu liliingia Kampala kumng'oa Idi Amin. Kwa miaka mingi mambo haya mawili yalikaa kichwani mwangu bila kusalimiana, mpaka siku moja ya Novemba, saa kumi jioni, nje giza tayari, tukiwa kwenye semina juu ya swali kama dola moja ina haki ya kuingia nyingine ili kuokoa watu. Tulikuwa tumepewa kitabu cha Nicholas Wheeler, Saving Strangers, ambacho kina sura nzima juu ya Tanzania na Uganda. Profesa akanigeukia kwa upole wote aliojaliwa. Mimi kama Mtanzania, nilikuwa na maoni gani?

Darasa likashika kalamu. Nikawaambia kile ambacho kitabu kiliniambia usiku uliotangulia, kwa kubadilisha maneno kidogo: kwamba Tanzania ilijitetea zaidi kwa hoja ya kujilinda kuliko kwa hoja ya kuwaokoa Waganda. Waliandika. Msichana mmoja wa Norway alipigia mstari. Nikajisikia kama shahidi aliyeona kwa macho.

Nilichosahau ni kwamba shahidi aliyeona kwa macho tunaye nyumbani. Mjomba alikwenda vita ile akiwa mgambo, kijana ambaye kabla ya hapo safari yake ndefu ilikuwa Tanga mpaka Pemba kwa ngalawa. Nilipokuja likizo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, walikwenda kumwokoa nani. Alifikiri sana. Akasema alichokumbuka zaidi ni miguu. Kwamba walitembea, wakatembea, mpaka buti likawa kama sehemu ya mwili iliyooza. Akasema walipopita vijijini watu walitoka na mikungu ya ndizi wakicheza ngoma, na wazee wakawashika mikono hawataki kuiachia. Akasema hakuwa amewahi kulala siku nyingi hivyo bila kusikia bahari. Kisha yeye naye akaniuliza.

"Na huko Ulaya wanaisomesha vita hii?"

"Wanaisomesha, mjomba."

"Huyo anayesomesha alikuwa kikosi gani?"

Ushauri wangu kwa mwanafunzi: shika tanbihi, mjomba mwache na wavu wake. Mjomba hana nambari za kurasa, na bila nambari za kurasa huwezi kumnukuu.

Ukikaribia kumaliza, omba kujifunza kazi Umoja wa Mataifa. Sekretarieti haiwalipi wanaojifunza kazi. Nauli, chumba na chakula ni juu yako, na Geneva hakuna genge. Mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand aliyekuwa akijifunza kazi pale alionekana akiishi kwenye hema karibu na ziwa. Habari ilizunguka dunia, na baadaye mwenyewe alieleza kuwa alidhamiria hivyo ili jambo lenyewe lijadiliwe. Likajadiliwa. Kujadili ndiyo kazi ya pale.

Kama hema halikufai, kuna mtihani wa kuajiri vijana, ule unaoitwa YPP. Kwa miaka mingi umri wa mwisho umekuwa 32, na nchi yako lazima iwe kwenye orodha ya mwaka huo ya nchi zenye watumishi wachache kuliko fungu lao. Hapo pana hesabu ya kuudhi. Wenzako wakifaulu kwa wingi, nchi inatoka kwenye orodha. Kwa hiyo waombee wafeli, ila kidiplomasia. Vyeo navyo vina ngazi zake: P-2, P-3, P-4, unapanda hivyo. P-3 inataka uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu huo njia yake nyoofu ni kuwa P-2. P-2 inapatikana kwa mtihani ambao mwaka huu nchi yako haimo.

Wala usidhani kileleni kuna nafuu. Mwaka 1981 Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akipambana na Kurt Waldheim aliyetaka muhula wa tatu. Kura zilipigwa na kurudiwa, wiki baada ya wiki: China ikimzuia Waldheim, Marekani ikimzuia Salim, mpaka wote wawili wakajiweka kando na kiti akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wengi hulihusisha jambo hilo na Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti chake na ujumbe wa Tanzania ukashangilia ukumbini bila kujificha. Kwa hiyo, wewe unayetafuta kazi, angalia sana unavyocheza kwenye sherehe za ofisi. Miaka kumi baadaye kuna mtu anakumbuka.

Basi utarudi nyumbani. Vyeti vya nje utavipeleka TCU vitambuliwe. Bodi ya Mikopo haikuhitaji kukutambua, haikuwahi kukusahau, na ukipata mshahara itachukua asilimia 15 yake. Halafu utasubiri tangazo la Afisa Mambo ya Nje Daraja la II. Linapotoka, linadai shahada ya kwanza, ile uliyokuwa nayo kabla hujaondoka.

Nilikwenda kwenye usaili wa maandishi Dodoma. Watu walijaa ukumbini mpaka wengine tukaandikia mapajani, na kalamu yangu, ya chuo cha Uingereza, yenye nembo, ikagoma kwa joto. Kijana wa pembeni akaniazima ya kwake, Bic ya shilingi mia tatu. Tulipotoka tukanunua maji, tukazungumza. Alisoma Kurasini, kila siku akipanda daladala kutoka Mbagala. Jina lake lilitoka kwenye orodha, langu halikutoka. Sasa yuko ubalozi mmoja, sitasema nchi gani kwa kuwa kalamu sijamrudishia.

Usife moyo. Kuna warsha.

Watu wenye shahada yetu tunaishi kwa warsha kama ndege fulani wanavyoishi kwa kupe wa ng'ombe. Warsha inafanyika Morogoro au Bagamoyo, siku tatu, hotelini, na unaitwa mshauri mwelekezi, yaani mtu mwenye kompyuta mpakato na mkataba wa wiki sita. Kabla hujauliza mada, uliza kama nauli inarudishwa. Ukishajibiwa, mada utaijua ukifika, imeandikwa kwenye bango nyuma ya meza kuu. Saini karatasi ya mahudhurio asubuhi na mchana, kwa kuwa posho inafuata karatasi, haifuati mchango wako wa mawazo. Na kaa karibu na mlango wa chai.

Kinachohitaji mazoezi ni lugha. Ni Kiswahili, lakini si cha mtu yeyote. Kule hakuna anayelala na njaa. Kuna kaya zinazokabiliwa na upungufu wa uhakika wa chakula. Mvuvi ni mdau. Mkewe ni mdau mtambuka. Ukimchimbia mtu kisima, hiyo ni afua, na kabla hujakichimba ni lazima ajengewe uwezo, kwa maana bila kujengewa uwezo mtu anaweza kuyanywa maji yale hivi hivi tu. Nilikuwa hodari. Niliweza kusema dakika arobaini bila kitenzi hata kimoja chenye mtu anayekitenda. Kuna asubuhi nilialikwa redioni, na jioni Mama akapiga simu amefurahi sana.

"Nimekusikia, mwanangu. Sauti yako imekuwa nzito kama ya baba yako."

"Ahsante, Mama. Umeelewa?"

"Mimi nilikuwa nasikiliza sauti."

Ilipita miaka kadhaa hivyo, na ndipo bahati ikaja kutoka upande ambao sikuutazamia. Mwanzo wake ni wa zamani. Julai 2004, Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alisimama kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika akahutubia kwa Kiswahili. Waheshimiwa wakagombea visikilizio, lakini wakalimani hawakuwa wamejiandaa kwa jambo hilo. Mtu wa nchi ya Kireno, aliyekijua Kiswahili tangu enzi za Frelimo kuwa Dar es Salaam! Wakati ule tulicheka tu. Lakini mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya jumuiya pamoja na Kifaransa. Novemba ya mwaka huo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Na Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ukakifanya lugha yake ya kazi. Zikaanza kutangazwa kazi za kutafsiri, za mshahara wa kueleweka, ambazo sifa yake ya kwanza nilikuwa nimezaliwa nayo.

Niliomba moja, nikaitwa kwenye mtihani. Taasisi yenyewe nitaiacha bila jina. Tulikuwa kumi na mmoja, chumba chenye kiyoyozi, kurasa nne za Kiingereza za kugeuza Kiswahili kwa saa tatu. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa za wadau, nikazipita kama mtu anayeteremka ngazi za kwao. Ya tatu ilihusu uvuvi wa pweza: namna vijiji vya pwani vinavyofunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha vikazifungua kwa tarehe maalumu. Tarehe hizo huwekwa siku ambazo maji yanajaa sana na kutoka sana, mwamba ukabaki wazi mpaka mbali, wanawake wakatembea juu yake na vijiti vyao. Kiingereza kina neno la maji hayo, na neno hilo lina sura moja na jina la majira yale ya Ulaya ambapo maua huchanua. Nililitazama. Nilijua si maua. Nilikuwa nimeyaona maji yale kwa macho tangu sijajua kuvaa suruali, nikayachezea, nikapotezea viatu ndani yake, vile vile vya mchezo wa Mama. Jina lake sikulipata. Dakika zikaenda. Mwishowe nikaandika "mawimbi ya majira ya kuchipua", nikafunga karatasi, nikatoka.

Nje nilipiga simu Pangani. Upepo ulikuwa unavuma huko, nikalazimika kupaza sauti mbele ya walinzi.

"Mjomba, shikamoo. Yale maji ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanayojaa mpaka juu, mnayaitaje?"

"Marahaba. Bamvua."

"Bamvua."

"We si ulizaliwa usiku wa bamvua? Maji yaliingia mpaka uani kwa mama yako, mkunga akapita na mtumbwi. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza: mtihani, kazi, wakubwa wa Afrika, pweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia kitu kinachomwa kwenye kitambaa, nadhani sindano na kofia.

"Ina maana hao wanamtafuta mtu anayeyajua majina ya maji?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nami nayajua na maji mafu." Akakohoa kidogo. "Waambie naweza kuja. Ila waulize kwanza, nauli wanarudisha?"